Maji ya Ng'onda

Nakumbuka siku niliyomwita bibi yangu mwizi wa chumvi. Mvi sina bado, mwanangu, lakini kosa hilo linatosha kunipa haki ya kukuketisha hapa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikarudi Ziwani kumtunza. Presha ilikuwa imempanda hadi mkono wa kushoto ukawa unakufa ganzi. Muuguzi wa zahanati alituonya: vidonge asiache na chumvi ipungue, la sivyo anaweza kupooza. Mimi niliuficha mkebe wa chumvi chini ya kitanda changu, nikawa napika mwenyewe bila kutia hata chembe.

Baada ya wiki tatu tukaenda kupima. Presha palepale. Njiani nikashindwa kujizuia.

"Bibi, sema kweli. Unalamba chumvi ya wizi kwa jirani?"

Akasimama, akaniangalia hadi nikainamisha uso. "Mjukuu wangu, umenichunguza mimi, umeuchunguza mkebe. Chungu chako umekichunguza?"

Swali hilo lilinisumbua kuliko mtihani wowote. Tulipofika nyumbani nilivuta kikapu cha ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi. Kila siku nilikuwa nawatumbukiza kwenye kisamvu kama walivyo, maana ndivyo tulivyozoea sote. Nikaloweka kipande kwenye bakuli, nikasubiri, nikayaonja yale maji. Nikayatema.

Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Haya, msomi! Mwizi si huyo?"

Nilimwomba radhi. Tangu hapo ng'onda akawa wa mara moja kwa wiki, tena kwa kulowekwa na kumwagwa maji mara mbili. Siku nyingine tulipika samaki wabichi kwa ndimu na tangawizi. Mwanzoni bibi alinung'unika kwamba namlisha maji ya moto. Baadaye ulimi ukazoea. Presha ilishuka polepole, na mkono ule ukarudi kubangua korosho.

Kwa hiyo, mwanangu, onja kabla hujatia chumvi. Jiulize imeshaingia kupitia wapi: ng'onda, korosho za kukaanga, hata embe bichi la njiani lililopakwa chumvi na pilipili. Na ukichunguza, anza na chungu kabla ya mtu.

Mungu akupe moyo usiochoka kuuliza, na mikono yako yote miwili ikae na nguvu hadi ubebe wajukuu. Amina.