Waya ya Kumi na Tisa

Shangazi yangu alimenya waya kama mtu anayemmenyea mgonjwa chungwa: taratibu, bila kujeruhi cha ndani. Alikuwa fundi wa ishara za reli kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu aliondoka karakana na makoleo mawili, kipima cha betri na kikohozi kisichomwacha. Zamani walimwita Bi Ipo. Kufikia siku ninayoisimulia, hakuna aliyethubutu kumwita hivyo, na sababu yake niliijua.

Kebo ya ishara ina waya nyingi zinazofanana. Ili kuhakikisha kila moja imefika salama, watu wawili hukaa, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Mmoja ana daftari. Anaita namba na kugusa pini. Mwenzake anagusa pini ya namba hiyo hiyo upande wake kwa kipima. Kikilia, anajibu, "Ipo," na mwenye daftari anatia alama. Kwenye reli wawili hao huwa mbali, wanasikilizana kwa simu. Mwenye daftari hasikii kipima. Anasikia neno tu.

Hakuna aliyejibu haraka kama Bi Ipo. Siku moja, akiwa na umri kama wangu, walikuwa wanafunga kebo mpya ya kivuko cha reli. Ilikuwa jioni, gari la kuwarudisha nyumbani linapiga honi. Kumi na saba, ipo. Kumi na nane, ipo. Sauti ya simu ikaita kumi na tisa, naye akajibu kabla mkono haujafika kwenye pini, maana mdomo ulikuwa umeshazoea mwendo. Kumi na tisa ndiyo iliyokuwa waya ya kengele ya kivuko. Siku ya nne muuza mkate alivuka na baiskeli yake, kengele ikiwa kimya, na treni ikamkuta relini.

Uchunguzi ulisema panya walikata waya. Shangazi alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake kueleza. Mkubwa akamwambia, "Rudi kazini, faili limefungwa." Alinisimulia haya mara moja tu, tukikunja shuka, na shuka zilipoisha naye akaishia hapo.

Ndiyo maana ile reli ya mfano ilikuwa kitu kikubwa kwake. Shule inayofundisha walinzi wa vivuko ilimwomba awatengenezee reli ndogo ya kubebeka: vipande vitano vya mbao, vya kupakia kwenye gari na kuunganisha popote, kila kipande na mwenzake vikishikana kwa kebo yenye waya ishirini na tano. Macho yake yalikuwa yanaanza kumwangusha. Alijua hii ndiyo ya mwisho.

"Kila waya itakayotoka humu ndani," aliniambia, "itakuwa imelia masikioni mwangu. Ikiwa hata moja haijalia, gari litarudi tupu."

Reli nzima ilikuwa na urefu wa mita saba, na nyumba haikuwa na chumba cha kuitosha. Tukaweka vipande viwili sebuleni, kimoja kwenye korido, viwili chumba cha nyuma, milango ikabaki wazi na kebo zikapita juu ya vizingiti. Sebuleni kulikuwa na kituo chenye paa la kopo la maziwa. Kivuko kilikuwa kipande cha tano, chumba cha nyuma, na kengele yake ilitosha kufunikwa kwa kizibo cha soda.

Fundi seremala, aliyefanya kazi karakana moja naye na ndiye aliyetengeneza vipande hivyo, alikaza mguu wa mwisho akasimama akishika kiuno.

"Dada, hii reli yako ina waya nyingi kuliko nywele zangu."

"Nywele zako zilistaafu kabla yako. Kusanya skrubu zako uende."

"Naenda. Ila kesho saa mbili asubuhi gari liko hapa, na dereva yule namjua, hangoji mtu. Isije ikawa bado mnahesabu kama watoto wa chekechea."

"Atangoja."

"Hangoji, nakwambia."

"Basi atarudi tupu."

Fundi akamtazama, na kicheko kikamkauka usoni. "Haya, dada," akasema. "Hesabuni."

Alipoondoka ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa sebuleni na bati la paa linatatarika kwa joto. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya kipande cha kwanza, daftari magotini. Shangazi alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kipande cha tano, na kipima chake. Sikumwona, lakini kipima nilikisikia. Kililia nzii, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa.

"Moja?"

Nzii. Kimya cha pumzi moja. "Ipo."

Kile kimya kilikuwa desturi yake. Kipima kilie, anyamaze, ndipo aseme. Baada ya namba tano hivi nilikizoea, nikawa natulia nacho. Sikuwa mtu wa kuzungumza sana na watu, na kazi ile ilinifaa. Ulitoa neno moja na kupewa neno moja.

"Kumi na nane?"

Nzii. "Ipo."

"Kumi na tisa?"

"Ipo."

Nikatia alama. "Ishirini?"

Kimya.

"Ishirini, shangazi?"

"Ishirini ya wapi?" Sauti yake ilitoka chini, kama iliyofunikwa. "Koleo limeanguka, niko huku chini ya meza nalitafuta. Kumi na tisa umeshaita?"

"Nimeita. Na wewe umejibu."

Nilisikia koleo likiwekwa juu ya mbao. Kisha akatokea kwenye korido, magoti yamejaa vumbi.

"Nimejibu nini, mwanangu?"

"Ipo."

"Kipima umekisikia?"

Nikafikiri. Nilikumbuka neno. Mlio sikuukumbuka, wala ile pumzi moja ya kimya. "Hapana."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya kwako. Ila..." Niliona aibu kusema. "Ilikuwa na haraka. Kama ya msichana. Kama mtu anayetabasamu."

"Alikuwa na kitu mdomoni?"

Alipouliza ndipo nilipotambua kwamba ndiyo. Lile neno lilikuwa limegonga kitu kigumu kwenye meno.

"Peremende," alisema shangazi. "Miaka ile sikukaa bila peremende mdomoni."

Hakupiga kelele. Alichukua kifutio, akafuta alama yangu, akapuliza vumbi lake. Kisha akasimama palepale mbele yangu, midomo ameibana.

"Ita tena. Unitazame mdomo."

"Kumi na tisa?"

"Ipo," ikasema sauti kutoka chumba cha nyuma, changamfu kabisa.

Shangazi hakugeuka kutazama nyuma. Alikuwa anautazama uso wangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi naisikia tangu mwaka ule. Nilidhani ni masikio yangu tu." Akavuta pumzi, na nilidhani atalia, lakini alikohoa. "Lete tochi."

Mlangoni mwa chumba cha nyuma alisimama kidogo, akasema kwa sauti ya msimamizi anayemwambia kibarua, "Sogea." Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na vipande viwili vya reli, kabati, na kiti chake kimevutwa karibu na kivuko. Aliingia, nami nikamfuata nikimshika gauni kama mtoto mdogo.

Alifungua plagi ya kipande cha tano. Pini zote ishirini na tano zilimeremeta, kila moja na tone lake la risasi ya kulehemu. Ya kumi na tisa ilimeremeta kuliko zote. Aliishika waya yake kwa ncha ya koleo, akaivuta kidogo tu. Ikaja. Ilikuwa imekaa juu ya pini bila kushikana nayo.

"Nimeiunganisha jana kwa mkono huu," alisema.

Akapasha chuma, akayeyusha risasi upya, moshi mwembamba ukapanda. Alisubiri ipoe. Akaivuta, ikagoma. Akaivuta tena kwa nguvu.

"Rudi sebuleni."

"Nikuache peke yako?"

"Siko peke yangu. Hilo ndilo tatizo. Nenda."

Nilirudi kwenye kigoda. "Kumi na tisa?"

Nzii. Kipima kililia, kikaendelea kulia. Hakuna aliyejibu. Nilingoja, nikimwaza shangazi kwenye kiti chake, na yule mwingine karibu yake na peremende yake. Mlio ukawa mrefu hadi meno yakaniuma. Halafu ukakatika, ikapita ile pumzi moja, na sauti ya mikwaruzo, yenye kikohozi ndani yake, ikasema:

"Ipo."

Nikatia alama. Nilikuwa bado sijainua kalamu, sijafungua mdomo kuita ishirini, nikasikia:

"Ishirini ipo. Ishirini na moja ipo. Ishirini na mbili ipo..."

Ilikuwa ya haraka na ya furaha, sauti ya mtu anayesikia honi nje. Kipima hakikulia hata mara moja.

"Usitie alama!" shangazi aliita.

"Sijatia!"

Sauti ilifika ishirini na tano, ikanyamaza. Kisha shangazi akakohoa.

"Futa," alisema.

"Hizo za mwisho?"

"Zote. Ile ya jana niliipitisha kwa macho, nitajuaje nyingine? Tutafungua kila plagi na kuvuta kila waya."

"Na gari, shangazi?"

"Gari halina macho ya kunitazama vibaya. Futa, mwanangu. Na safari hii, hata ukisikia ni mimi, hata nikikuapia, usitie alama mpaka usikie kipima kwa masikio yako."

Nilifuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Nikakaa sawa kwenye kigoda.

"Moja?" nikaita, na sote tukasikiliza.