Ubavuni mwa Baba

Mama yangu hataki makubwa. Anataka akifa azikwe ubavuni mwa baba, kwenye makaburi yetu ya shamba, basi. Sasa yuko kwangu mjini, Kikwajuni, hainuki kitandani, na kila nikirudi kutoka shamba huniuliza pale pakoje.

Makaburi yale yako pembeni mwa kinamasi. Zamani mvua ikinyesha, maji yote yalikimbilia humo, yakatulia kwenye matete, na makaburi yakabaki makavu. Hatukujua kwamba ile ni neema. Sisi tuliona mbu tu.

Kisha akaja bwana mmoja wa serikali, akatukusanya skuli. Akatueleza kwamba kuna sera ya taifa ya ardhi oevu, yaani vinamasi kama hiki chetu, na kwamba karibuni itakuwa marufuku kukijaza kifusi. Alisema kwa upole, tukampigia makofi. Kumbe watu walichosikia ni lile neno "karibuni" tu! Kesho yake asubuhi magari ya kifusi yalipanga foleni. Kila mwenye kipande chake alitaka kukijaza kabla katazo halijaanza, hata asiye na haja ya kujenga. Wa kwanza alikuwa mjomba, ndugu wa mama, tumbo moja.

"Mjomba, maji yatakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Yatajijua. Unataka nngoje mpaka nkatazwe?"

Masika yalipoingia, maji yakapanda makaburini. Tulikwenda kumzika jirani yetu, na kabla hatujafika pa kuchimba mwanandani, pale anapolazwa maiti, chini pakaanza kububujika. Tukachota kwa ndoo, yakarudi. Tukachimba pengine, mambo yale yale. Maiti yumo jenezani anasubiri, sisi tunachota. Mwishowe tukampeleka kijiji cha watu, akazikwa kati ya asiowajua. Nililia njia nzima, wala sikumficha mtu.

Nikaenda ofisini Mji Mkongwe, kwa bwana yule yule. Akanikaribisha vizuri, akanisomea sera yake. Nzuri kweli, sina pa kuikosoa. Lakini palipojazwa kabla ya katazo, alisema, panahitaji utaratibu mwengine, nao haujatoka.

"Na mama yangu je?" nikamwambia kwa ukali. "Naye asubiri utaratibu?"

Akavua miwani, akaifuta. Mimi sikuwa na pengine pa kwenda.

Jana nilikwenda tena shamba. Maji yamefika kwenye jiwe la kichwani la kaburi la baba. Niliporudi nyumbani nikamkuta mjomba amekuja kumtazama mama, amekaa kitako mkekani, karibu na kitanda.

"Umefika kwa baba yako?" mama akaniuliza.

"Nshafika, mama."

"Pakoje?"

Nikamtazama mjomba. Yeye akatazama mkeka.

"Pana maji kidogo," nikasema.

"Yatakauka," mama akasema, bila wasiwasi wowote. Akanyoosha mkono, akamshika ndugu yake bega. "Wewe ndo wa kushuka kaburini kunipokea. Sitaki mwengine. Unshike vizuri, kisha unlaze pakavu."

Mama akabaki amemshika bega, anasubiri aitikie.