Ukurasa wa Mbuzi

Hata leo naona haya kupita mbele ya shule ile, nazungukia barabara ya bandarini hata kama mvua inanyesha, lakini kwa kuwa ninyi rafiki zangu mlisikia yote redioni, heri niwaeleze mwenyewe namna mambo yalivyoanza.

Mnajua kazi yangu ni utangazaji hapa Kalemie. Binti yangu Furaha alikuwa mwaka wa kwanza, kwa Madamu Anjela, aliyekuwa ametoka kwenye mafunzo ya namna mpya ya kufundisha kusoma: mtoto anajifunza kwanza sauti ya kila herufi, anaunganisha sauti kuwa silabi, na silabi kuwa neno, polepole, bila kukariri ukurasa kama tulivyofanya sisi. Mimi nikaona anamchelewesha. Kila jioni nikamwekea Furaha kitabu magotini, nasoma, anarudilia, nasoma, anarudilia, mpaka ukurasa wa mama anayeanika samaki ukawa unamtoka kama maji (na nikamwambia mke wangu kwamba mtoto amejua kusoma).

Siku ya wazazi nilifika na mikrofoni, tuko hewani moja kwa moja, nikaomba Furaha aanze. Madamu akanivuta pembeni.

"Papa Furaha, mumuache kwanza. Njo sasa anaanza kuunganisha sauti. Mukimusukuma, atavunjika moyo."

Nikacheka, nikasema mtoto wa mtangazaji haogopi mikrofoni.

Furaha akasoma ukurasa wa samaki bila kukwama, wazazi wakapiga makofi, na hapo ningeshukuru nikakaa. Lakini makofi yalinikolea, nikafungua ukurasa mwingine kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa na picha ya mbuzi amelala chini ya meza. Furaha akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma kwa sauti nzuri kabisa: "Mama anaanika samaki."

Watu wakacheka. Yeye akadhani wamefurahi, akaendelea mpaka samaki wote wakakauka. Nikainama kumnong'oneza, "Mbuzi, sema mbuzi," nikasahau kwamba mikrofoni iko mkononi mwangu, na mji mzima ukanisikia nikimpa mtoto jibu. Hapo ndipo alipoelewa. Akatazama picha, akanitazama mimi, akafunga kitabu.

Kesho yake, njiani kwenda shule, dereva mmoja wa pikipiki alipunguza mwendo akauliza, "Papa wa redio, samaki wamekauka?" Furaha alikuwa akitembea nyuma yangu, ameshika shati langu. Akaliachia.

Madamu anasema sasa anasoma kweli. Huwa namsikia nyuma ya pazia, "mbu... zi... mbuzi," kisha viatu vyangu vikilia sakafuni, ananyamaza. Nimejiapiza kutomshikia tena kitabu mpaka aniite mwenyewe.

Bado hajaniita.