Hesabu ya Baba na Kokwa za Mama

Siku za Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri, nyumba yetu ya Ibra ilinuka vitu vitatu ambavyo mtu mwenye akili timamu hangeviweka pamoja: limau, iliki na baruti. Limau ilitoka kwenye beseni la uani, ambamo maganda matupu ya risasi yalirowekwa kisha yakasuguliwa kwa majivu mpaka yakang'aa kama vikuku vya bibi harusi. Iliki ilitoka jikoni, kwenye dele la kahawa. Baruti ilitoka kwa Baba mwenyewe. Ilikuwa kwenye shati lake, kwenye ndevu zake na, ukimsikiliza Mama, mpaka kwenye mto wake wa kulalia. Nilikuwa na miaka kumi, ni miaka ya tisini hiyo, na mpaka leo nikipita mahali nikasikia harufu ya limau na iliki kwa pamoja, pua yangu inangoja ile ya tatu. Haiji, lakini inangoja.

Tulikuwa wageni Ibra, ingawa Baba hakupenda kusikia neno hilo. Babu yake alizaliwa pale pale, akaenda bara kufanya biashara, na wajukuu wakazaliwa Tabora, Baba akiwemo, kabla ya kuhamia Maskati. Kwa hiyo Baba alipopata kazi katika ofisi ya serikali ya mji huo, alibeba mizigo yetu kutoka Maskati akiimba njia nzima, eti anarudi kwao. Mama hakuimba. Maskati alikuwa na dada yake, Mama Mdogo Zuwena, na mtaa mzima wa watu wanaozungumza Kiswahili kuanzia asubuhi. Ibra alikuwa na kuta nene, mitende, na Kiarabu chake cha kuombea chumvi. Majirani walitusalimia kwa adabu zote wakapita. Walituita Wazanzibari, na Mama, ambaye katika maisha yake hajawahi kuikanyaga Unguja, alichoka kuwaeleza. Mwaka wa kwanza mzima sikumbuki kama tulipata wageni watatu, na mmoja wao alikuja kusoma mita ya umeme.

Sasa, Baba alikuwa na bunduki. Ilikuwa bunduki kongwe ya babu yake, ya risasi moja moja, yenye kibali chake kilichokunjwa vizuri ndani ya msahafu wa zamani. Kila Ijumaa jioni wanaume wa mtaa walikwenda wadini, lile bonde kavu la mto nyuma ya mashamba ya mitende, wakaweka jiwe jeupe kwenye kilima na kulipiga shabaha kwa zamu. Baba naye alikwenda. Hata nimpende vipi, lazima niseme ukweli: alikuwa mpigaji mbovu. Jiwe lilikuwa salama kabisa mbele yake, na mbuzi wa watu ndio waliokuwa hatarini. Lakini alipenda mno, na risasi za dukani zilikuwa ghali. Risasi tano tu zilikula fedha ya mboga ya wiki, na Mama hakuacha kumkumbusha kila alipopakua wali mtupu siku ya Jumamosi.

Ndipo Baba akaja na habari ya Bwana Khalfan. Huyu alikuwa mzee mfupi, mchangamfu, mwenye kibanda sokoni, aliyekuwa akijaza upya maganda ya risasi tangu ujana wake. Baba alimwomba amfundishe, naye akakubali kuja nyumbani kila Alhamisi. Walijaza kwenye mkeka mwisho wa majlisi, chumba chetu cha wageni, mbali na moto, kwa mizani ndogo waliyoazima kwa sonara. Mimi nilikatazwa kuvuka zulia, na mvuta sigara alitolewa nje bila kujali umri wake. Baba akafunga hesabu yake mara moja, akamtangazia Mama akiwa amesimama mlangoni mwa jiko kama mtu anayetoa hotuba.

"Risasi ya kujaza mwenyewe ni theluthi ya bei ya dukani. Theluthi, mama watoto! Hapa tutaokoa fedha mpaka utashangaa."

"Nitashangaa kweli," Mama akasema, "maana sijawahi kuona fedha ikiokolewa na mwanamme aliyekaa."

Wakaanza kutaniana, na utani wao ulikuwa hivyo siku zote, unaanza na kicheko halafu ghafla unakuta ndani yake mna jambo. Mama akafuta mikono. Akasema haya, tuko Idi Ndogo sasa, tungoje mpaka Idi Kubwa. Baba akimthibitishia kuwa ameokoa, yeye hatataja tena habari ya kuhama. Akishindwa, tunafunga mizigo tunarudi Maskati kwa dada yake. Baba akacheka akasema, "Nimekubali, wallahi." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaipenda Ibra mpaka kwenye mifupa. Nilipenda maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, yanavyopita chini ya ukuta wa shule, nilipenda mbuzi wetu watatu, na nilipenda soko la wanawake la Jumatano, ambako mwanamme haruhusiwi kutia mguu. Usiku ule niliomba dua moja tu, Baba ashinde.

Lakini dua yangu ilikuwa na adui, na adui mwenyewe alikuwa ukarimu. Bwana Khalfan hakuja peke yake. Alhamisi ya kwanza alikuja na shemeji yake, ya pili wakawa watano, ya tatu viatu vilijaa mlangoni mpaka nikashindwa kuvipanga. Kila mwenye bunduki alitaka kuona Mzanzibari anavyojaza risasi, na kila asiyekuwa na bunduki alitaka kumwona mwenye bunduki. Na mtu akiingia nyumba ya Ibra hakai mkavu. Kwanza tende, halafu halua, halafu kahawa yenye iliki na zafarani, kikombe baada ya kikombe, mpaka mgeni atikise kikombe chake kuonyesha ametosheka. Wengine, jamani, walikuwa na mikono mizito ya kutikisa. Nao wake zao, waliposikia kuna nyumba inanuka mandazi, wakaanza kufuatana nao. Bi Shamsa, mke wa Bwana Khalfan, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikaa jikoni juu ya gunia la mchele, akala mandazi manne, akamwambia Mama kwa Kiarabu cha polepole, kama anayemlisha mtoto uji, kwamba wiki ijayo atakuja na dada zake.

Alikuja nao. Na Mama, ambaye nilizoea kumwona akipika huku amebana midomo, nikamkuta siku hiyo amekaa chini, miguu ameinyoosha, anacheka na watu ambao nusu ya maneno yao hayajui. Mimi nikiwa mtoto niliona mandazi yanavyokwisha tu. Nikaona na jambo jingine lililonikosesha raha. Kila wageni walipoondoka, Mama aliokota kokwa za tende kwenye sahani, akazisuuza, akazitia kwenye chupa kubwa ya achari iliyokuwa dirishani. Kila mgeni kokwa moja. "Nahesabu," alinijibu nilipomwuliza, akaendelea kuosha vikombe.

Loo! Nikajua Baba amekwisha. Maana Baba alihesabu baruti, alihesabu fataki za kuiwashia, alihesabu risasi yenyewe mpaka chembe ya mwisho, lakini kahawa hakuihesabu. Wala haikuwa hila. Maskini, hakujua bei yake. Kahawa, iliki na zafarani Mama alivinunua Jumatano katika lile soko la wanawake, na Baba hakuwa na njia ya kuliingia hata kwa bahati mbaya. Kwake yeye kahawa ilikuwa kitu kinachotoka jikoni, kama mvuke. Mimi nilikuwa nikibeba kikapu, nilizijua bei zote. Na huku risasi zimekuwa rahisi, Baba naye aliyekuwa akipiga tano kwa wiki akawa anapiga ishirini, na jiwe bado jeupe vile vile.

Nikaamua kumsaidia. Kila Ijumaa asubuhi, Mama akiwa uani, nilipanda juu ya kibao, nikachota kokwa kiganja kimoja kwenye chupa, nikawapelekea mbuzi. Mbuzi wa kwetu hula kokwa kama watu walavyo karanga. Walitafuna ushahidi wote, kra kra kra, wakanitazama wakitaka zaidi. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Nilijiambia kokwa zikiwa chache, wageni watakuwa wachache, kahawa itakuwa ndogo, Baba atashinda na sisi tutabaki.

Siku ya pili ya Idi Kubwa, baada ya shabaha ya Idi, tukakaa majlisi sisi watatu peke yetu. Baba alikuwa na furaha isiyo na kifani kwa sababu risasi moja, katika zote za siku ile, ililigusa jiwe. Wengine walisema ni upepo. Akatoa karatasi yake, akasoma kwa sauti hesabu ya kujaza na hesabu ya dukani, akaonyesha alichookoa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na kahawa?"

"Kahawa gani?"

"Waliyokunywa wageni wako. Na zafarani. Na halua, na unga, na sukari." Akavitaja kimoja kimoja na bei yake, kichwani, bila karatasi. Baba akawa anaandika, na kadiri alivyoandika ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Alipojumlisha, akatazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena kama iliyokosewa na kiwanda. Alichookoa kwenye risasi hakikufikia hata nusu ya kahawa.

"Kumbe zafarani ni bei hiyo?" akasema. Halafu akaikunja karatasi mara nne. "Basi. Mimi nimeahidi. Funga mizigo."

Mama akainuka, akaleta chupa ya achari, akaimimina kwenye sinia. Kokwa zikalia juu ya bati, nyumba yote ikasikia. Akazitenga kumi kumi kwa kidole, na nikaona uso wake unabadilika, lakini si kwa njia niliyoitegemea. Ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa.

"Mbona chache?" akasema. "Haiwezekani. Mie nilijiwekea nadhiri. Nilisema zikifika mia, sihami."

Baba akainua kichwa. "Zikifika mia nini?"

"Watu," Mama akasema. "Watu walioingia nyumbani kwangu. Wewe ulifikiri nahesabu nini?" Akazipitia tena zile kumi kumi kwa kidole. "Nilidhani tumepita mia zamani. Kumbe nilijidanganya."

Jamani, sijapata kulia vile tena. Nililia mpaka maneno yakatoka yamelowa: nimeziiba mimi, nimewapa mbuzi, nilitaka Baba ashinde. Nilingoja kofi. Mama akanitazama, akamtazama Baba, akatazama dirishani kule walikokuwa mbuzi, na kicheko kikamshika kuanzia tumboni. Alicheka akajishika ukuta, akaketi chini, mtandio ukamdondoka kichwani, na Baba naye akaambukizwa, mpaka wakawa hawawezi hata kutazamana.

"Haya," Mama akasema alipopata pumzi, akaisogeza sahani ya tende za Idi mbele yangu. "Umewala wageni wangu, sasa warudishe. Wataje."

Nikawataja. Bwana Khalfan, Alhamisi ya kwanza. Shemeji yake mwenye kikohozi. Bi Shamsa, na dada zake wawili, na yule binti aliyekuja na mtoto mchanga akamlaza juu ya magunia. Mwalimu wa dini aliyekunywa vikombe tisa. Kila jina, Baba alikula tende moja na Mama akaiweka kokwa kwenye sinia. Baba akalalamika kwamba watamwua kwa utamu, Mama akamwambia si ulitaka kukaa Ibra, kula. Tulikuwa tumefika tisini na kitu, na mimi nimeanza kuishiwa na majina, mlango ulipobishwa. Ilikuwa Bi Shamsa na watu wake wote, wamekuja kutoa mkono wa Idi. Mama hakukimbilia mlango. Kwanza alichungulia, akahesabu vichwa kwa midomo, akachukua kiganja cha tende nzima nzima, akazitupa zote kwenye sinia kwa mpigo. Ndipo akaenda kufungua.

Hatukuhama. Baba aliendelea kujaza risasi miaka mingi, kwa hasara, na akawa anaitangaza hasara yake kwa fahari kama watu wengine wanavyotangaza faida.

Anayeishi Maskati leo ni mimi. Nina nyumba kwenye ghorofa ya nne, mashine ya kufulia, na birika la umeme linalochemsha maji kabla sijamaliza kusema Bismillahi. Majirani zangu ni watu wazuri. Tunakutana kwenye lifti, tunatabasamu, kila mmoja anatazama namba za ghorofa. Mtu akitaka kuja hupiga simu kwanza, na akipiga simu mara nyingi mambo yote huishia kwenye simu. Mwanzoni mwa mwaka huu, nusu kwa utani, niliweka bakuli la kioo dirishani, nikaanza kutia kokwa. Juzi nimezihesabu. Ziko nne, na mbili ni za Mama.

Nikampigia Baba. Ameacha kujaza, macho hayaruhusu tena, na bunduki iko ukutani. Lakini debe la maganda matupu bado analo, na bado yanahitaji kusuguliwa. Shikamoo, Baba, nikamwambia, Alhamisi njoo na debe lako na Mama. Tutakaa sebuleni, tutaacha mlango wazi, mimi nitagonga milango ya jirani niwaambie kuna mzee kutoka Ibra anayejua kuokoa fedha.

Nilimsikia anavuta pumzi, na nadhani alikuwa anatabasamu.

"Utapata hasara, mwanangu," akasema.

"Najua, Baba. Nimeshanunua zafarani."