Mkono Uliofutwa

Mikdad alipokufa, Chausiku alikaa eda yake yote na donge moyoni. Alimlilia mumewe, ndiyo, lakini machozi mengine yalikuwa ya ile picha aliyoichora marehemu. Nusu ya Bagamoyo iliijua: mwanamke ameketi mkekani, mikono mapajani, anacheka mpaka magego yanaonekana. Iliuzwa zamani, ikatundikwa hotelini. Chausiku, asiyekumbuka kucheka hivyo ndani ya nyumba ile, alijiapia kwamba huyo ni mwanamke mwingine. Hakuwahi kuuliza. Walikuwa watu wa kununa, yeye na mumewe. Waliweza kula sahani moja wiki nzima na neno pekee likawa "nipe chumvi".

Juzi Wahida, aliyefundishwa kuchora na marehemu, alimletea karatasi.

"Shikamoo, bibi. Nimeikuta kwenye makaratasi ya mwalimu. Ndiyo aliyoichora kwanza kwa penseli, kabla ya ile ya rangi."

"Marahaba. Sina haja nayo," alisema Chausiku, na jicho tayari liko kwenye karatasi.

Miguu ndiyo iliyomkamata, ile ambayo kwenye picha ya rangi ilifunikwa na kanga. Mwanamke yule amekunja mmoja, wa pili ameunyoosha, kisigino kimeegeshwa juu ya kanga iliyokunjwa. Hivyo ndivyo Chausiku anavyokaa kusuka ukili wa mikeka tangu ateguke kifundo, na hakuna mwingine akaaye hivyo. Ni yeye! Miaka yote alikuwa akijionea wivu mwenyewe, maskini wa Mungu. Akacheka, nusura amkumbatie Wahida.

"Na hii mistari shavuni ni ya nini?"

"Hapo alifuta, bibi. Kwanza mkono aliuweka juu, kiganja shavuni. Mdomo nao ulikuwa umefumbwa. Mistari hii hafifu ndiyo aliyoiona kwa macho. Hiyo iliyokolea aliichora baadaye, impendeze mnunuzi."

Chausiku akaacha kucheka. Kushika tama! Pwani hii mwanamke akionekana hivyo, hata mpita njia humkemea: unamlilia nani, na mumeo yu hai? Mama yake angeupiga mkono ule kofi ushuke. Mikdad alikaa mbele yake na penseli, akauona, akauchora vizuri mpaka kidole cha mwisho. Kisha akachukua kifutio.

Wahida alipoondoka, Chausiku alibaki na karatasi mapajani. Afadhali angekuwa mwanamke mwingine. Mume aliyemdhani hamwoni alikuwa amemwona barabara, wala hakumuuliza, "Una nini, mke wangu?"