Nilirudi jikoni Hurlingham bila pua

Wakuu, mambo. Hii ni yangu mwenyewe, na leo siongezi chumvi.

Mimi ni mpishi. Miaka tisa nimepika kwa hoteli moja ndogo Hurlingham, hapa Nairobi, chakula ya watu wa ofisi: pilau, matumbo, githeri, chapati.

Mwaka jana mafuta ilimwagika jikoni, nikateleza. Kisogo ikagonga sakafu. Niliamka hospitali baada ya siku mbili.

Mikono sawa, miguu sawa. Watu wakasema Mungu ni mkubwa, na ni kweli.

Lakini niliporudi nyumbani Mountain View, binti yangu Shiro alitoka bedroom mbio. "Mum! Maharagwe inaungua!"

Nilikuwa nimesimama kando ya hiyo sufuria. Sikuwa nimesikia harufu yoyote.

Daktari akasema mishipa ya kunusa imeumia. Inaweza kupona, inaweza kukataa. Ulimi ilinibakishia chumvi, sukari, ndimu na uchungu. Pilau ikawa tu mchele moto.

(Na hapana, si korona. Kanisani nimeulizwa na kila mtu.)

Miezi minne nilikaa kwa nyumba. Nilimiss hata harufu ya kitunguu kwa vidole, ile nilikuwa nasugua na ndimu ndio iishe.

Siku moja boss akapiga simu. "Mama Shiro, kuja, lakini utakaa kaunta."

Nikamwambia, "Nipe wiki moja jikoni. Nikishindwa, nitaenda kaunta bila maneno."

Akakubali. Nilipofika, Atieno, mwenye hukaanga samaki hapo kando yangu, akacheka. "Wewe pika, mimi nitanusa. Omba tu nisipate homa."

Hivyo ndivyo tulianza. Nilijifunza kusikiliza kitunguu, vile kelele yake hupungua ikikaribia kuiva. Atieno naye anaita kutoka kwa samaki zake, "Iliki imetoka! Weka nyanya!"

Siku ya pili alitoka nje kuchukua maziwa, nikachoma kitunguu saumu. Nikamwaga, nikaanza upya huku machozi yananitoka. Boss aliona.

Ijumaa pilau iliisha kabla ya saa nane. Boss akachungulia sufuria. "Jumatatu, jikoni," akasema, akaenda.

Kazi ilirudi. Pua haijarudi.

Sasa hii ndio ngumu kuandika. Niko na sweta ya marehemu mama yangu, cucu wa Shiro, nimeifunga kwa nailoni. Kabla niumie nilikuwa naifungua mara moja moja, nanusa, nafunga haraka isiishe. Baada ya kuanguka niliogopa kuigusa.

Mwezi uliopita nikaifungua. Nikaweka uso ndani kabisa. Sufu tu, harufu hakuna.

Nikamwita Shiro. "Nusa, uniambie."

Akanusa. "Moshi ya kuni. Maziwa. Na ile mafuta cucu alikuwa anajipaka." Halafu akanishika mkono. "Bado iko, Mum. Funga isitoke."

Nililia, lakini nilifunga.

Nimejifunza hivi: kitu ikikutoka, usione haya kuomba mwenye iko nayo akusaidie. Kazi niliipata hivyo. Mama pia, kidogo.

Sasa nyinyi wakuu, hapo mlipo kunanuka nini saa hii? Niandikieni hapa chini. Usiseme tu "chai". Eleza vizuri, nitasoma zote.