Kivuli cha Mama Klorini

Mfagiaji wa zahanati alibandikwa jina la Mama Klorini, akalipokea bila kinyongo. Tangu siku za ule ugonjwa uliofunga dunia, hakuna ndoo iliyopita mikononi mwake bila kijiko cha klorini. Mkono ulishazoea, hata haumuulizi mwenyewe.

Dada yake alikwenda pale kupima presha tu. Akakaa asubuhi nzima kwenye korido ile nyembamba, bega kwa bega na watu wanaokohoa, na baada ya wiki mbili wakamzika. Kwa hiyo foleni ya wagonjwa ilipohamishiwa uani, Mama Klorini aliapa haitarudi ndani yeye akiwa hai.

Lakini jua la miaka hii si la mchezo. Wajawazito wawili walianguka siku moja. Daktari akamwita. "Mama, sipendi, ila kiangazi kikija bila kivuli, nitawarudisha koridoni."

Akaokota waya chakavu, akautandaza juu ya nguzo, akapanda maboga yatambae.

"Ala! Tukipona jua, tutauawa na boga," mlinzi akacheka.

"Kwa kichwa chako hicho, litakalopasuka ni boga."

Alimwagilia kutwa mara mbili. Miche ikatoka vizuri, kisha ikawa njano, ikaungua kingo, ikalala. Akapanda tena, ikafa tena. Hadi bibi mmoja mkulima, aliyekuwa akisubiri dawa ya mgongo, akainama akanusa udongo. "Mwanangu, mbona shamba lako linanuka hospitali?"

Mama Klorini akaitazama ndoo. Kijiko kilikuwa bado mkononi.

Mwingine angesingizia mbegu. Yeye aliingia kwa daktari: "Nimeyaua maboga mwenyewe, kwa usafi wangu." Kisha akawatangazia wagonjwa kwamba mkono wake hauaminiki, kila ajaye aje na chupa ya maji ya kwao ya kumwagilia. Wakacheka, wakaleta. Yeye akachimbua ule udongo wote, akabeba mwingine kwa karai, akapanda mara ya tatu.

Kiangazi kilipoingia, majani yalikuwa yamefunika nusu ya ua. Daktari akasimama chini yake, miwani mkononi.

"Ni nusu tu, Mama."

"Basi nusu waje asubuhi, nusu jioni. Koridoni hapana, Daktari."

Daktari akachomoa kalamu. "Haya, asubuhi tuanze na nani?"

"Wajawazito," akajibu, tayari anaburuta mabenchi kivulini.